Mrejesho: Binti yangu na sala ya kukariri

Niliwauliza namna ya kumsaidia binti yangu wa miaka 7, aliyekuwa akiimaliza Sala ya Bwana kwa pumzi moja huku macho yakiwa mlangoni. Nilifuata ushauri wa kuanza na mimi mwenyewe: kila usiku nasali kwa sauti, polepole, nikitaja jambo moja la kweli la siku hiyo, hata kosa langu, kisha namwachia nafasi bila kumsahihisha. Siku kadhaa alinyamaza, nami nikavumilia, kwa kuwa Mathayo 6:7 yenyewe inaonya juu ya maneno mengi. Juzi alimwomba Mungu msamaha kwa kumfichia mdogo wake kalamu, na asubuhi niliikuta kalamu hiyo juu ya mto wa mdogo wake. Sala ya Bwana hatujaiacha. Sasa tunaisali kifungu kimoja kimoja.