Bei iliyosomwa mbele yetu siyo bei iliyopewa kandarasi: zabuni ya madarasa, Kampemba

Ndugu wakandarasi wa Lubumbashi,

Ninaandika kwa hasira, wala sitaificha. Taasisi moja ya umma ilitangaza zabuni ya kukarabati madarasa huko Kampemba, nasi tukaandaa bahasha yetu kwa taratibu zote: cheti cha kodi cha DGI (idara ya kodi), cheti cha CNSS (mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii), dhamana ya benki, na jedwali la bei lililojazwa mstari kwa mstari. Siku ya kufungua bahasha, bei ya kila mzabuni ilisomwa kwa sauti na wengi wetu tukaziandika. Yetu ilikuwa ya chini kuliko zote.

Tangazo la mshindi lilipobandikwa, bei yake ilikuwa imepanda kupita ile tuliyoisikia sote. Tulipouliza, tukajibiwa kwamba tume ilisahihisha makosa ya hesabu. Kusahihisha hesabu kunaruhusiwa: bei ya kipimo kimoja ikizidishwa kwa idadi, na jibu lisipolingana na jumla iliyoandikwa, inafuatwa bei ya kipimo na jumla ndiyo inayorekebishwa. Lakini mwakilishi wa mshindi alikiri mbele yetu kwamba mstari wa nondo aliuacha wazi, ukajazwa baadaye. Hilo ni kosa gani la hesabu? Hati ya zabuni ya taasisi yenyewe ilisema kwamba kipengele kisichowekewa bei huchukuliwa kuwa kimo ndani ya bei nyingine, na mkandarasi atakitekeleza bila malipo ya ziada. Angebanwa na sharti hilo kama ambavyo sisi tungebanwa.

Barua tuliyopewa sisi ina sababu moja: "hamkutimiza vigezo". Kigezo kipi, na tulipungukiwa nini? Sheria ya manunuzi ya umma namba 10/010 ya tarehe 27 Aprili 2010 inampa mzabuni aliyekataliwa njia ya kupinga, kwanza kwa taasisi yenyewe, kisha kwa ARMP, mamlaka inayosimamia manunuzi ya umma. Lakini mtu atapinga vipi uamuzi ambao sababu zake amefichwa?

Dhamana yetu bado imeshikiliwa, na kwa kampuni ndogo fedha hizo ndizo za saruji na mishahara ya mafundi. Tumekwisha kuiandikia taasisi tukidai ripoti ya tathmini. Wenzetu mliokuwa ukumbini na mkaandika bei zilizosomwa, tunaomba nakala zenu zenye sahihi, tuziambatishe kwenye rufaa.