Tupeane uzoefu: nani humu alishapewa mkanda mweusi kabla ya wakati wake? (Kareti, taekwondo, judo, kungfu, wote karibuni)

Wakuu nawasalimu. Leo naomba tuiache kidogo ile ligi ya mitindo ya kareti, Shotokan na Goju nani mkali, tumeicheza miaka yote na kombe hakuna aliyebeba. Tuongelee mikanda, na iwe ya kwako wewe, sio ya jirani.

Naanza mwenyewe. 2011 nilikuwa nakaa Mwananyamala nikajiunga na dojo (ukumbi wa mazoezi) moja ya mtaani, jina naliacha. Sensei, yaani mwalimu, alikuwa katoka kugombana na sensei wake, akaondoka na nusu ya wanafunzi akafungua kwake, mtindo akaupa jina la kijapani ambalo mpaka kesho sijui maana yake. Sasa dojo mpya haina mikanda myeusi, na hiyo ikaonekana aibu mbele za watu, basi tukawa tunapandishwa kila miezi mitatu kama kodi ya nyumba. Gredingi (mtihani wa mkanda) elfu 30, mkanda unanunua mwenyewe, cheti nacho kina bei yake. Njano, chungwa, kijani, bluu, kahawia, yaani miezi 17 toka nianze kuvaa gi (nguo za mazoezi) mimi ni mkanda mweusi. Nikaenda studio kupiga picha kabisa, mama akaitundika sebuleni.

Jumamosi moja mshkaji akanialika kwenye dojo yao Upanga. Nikaingia na mikwara yangu, nikapangwa kumite (pambano la mazoezi) na dada mmoja mfupi, mkanda wa kahawia, yuko mwaka wa sita. Nikamwonea huruma aisee. Mtama wa kwanza nikajua nimeteleza. Wa pili nikasema hii sakafu ina maji. Wa tatu nimelala chali nahesabu feni. Lakini sio kuanguka kulikoniumiza, ni kwamba kila akinidondosha anainama kwa heshima zote anasema "samahani sempai", yaani mkubwa wake wa mazoezi, kwa sababu ya ule mkanda kiunoni kwangu! Alikuwa hanitanii, ndio adabu aliyofundishwa. Kurudi nyumbani kwenye daladala mkanda niliuzika chini ya begi, juu yake nikaweka taulo.

Haya, nani anafuata? Na tusiwataje watu majina.

Mdau wa Tabata:
Mkuu umenikumbusha mbali sana. Mimi wa Goju. Tulikuwa tunagawana ukumbi wa shule na jamaa wa Shotokan, wao Jumatatu na Jumatano, sisi Jumanne na Alhamisi, na ugomvi wote chanzo chake ni ufagio. Hawafagii! Au wao wanasema sisi ndio hatufagii. Kutoka kwenye ufagio tukahamia kwenye mitindo, sisi tukawaita waruka mitaro kwa vile wanasimama chini miguu imetanuka, wao wakatuita wagonjwa wa pumu kwa sababu ya kuhema kwenye Sanchin, kata yetu (mienendo iliyopangwa ya mazoezi). Sanchin mwenyewe anajua aliyepitia, mimi nilikaa mwaka mzima kwenye kata hiyo moja, sensei anakuja anakupiga makofi mabegani kukukagua umekaza au umelegea.

Ikafika siku tukapanga pambano la kirafiki, urafiki wa mdomoni. Wiki moja kabla, kwetu watu wanne wakapandishwa mweusi ghafla bin vuu, na kwao wakapandishwa watano, maana hakuna aliyetaka kupanga mstari mfupi. Siku yenyewe sasa! Hao weusi wa wiki moja walipigana kama watoto wanaogombea andazi, misimamo ya Shotokan hamna, ya Goju hamna, wamekunja sura tu na kurusha mikono. Mzazi mmoja akauliza kwa sauti, hawa wa mtindo gani? Ukumbi mzima kimya.

Na kinachonichekesha, Chojun Miyagi aliyeiasisi Goju hakumpa mwanafunzi wake yeyote dani (daraja la mkanda mweusi) mpaka anafariki 1953. Vyeo vikaja baada yake. Na sisi tunatoa wanne kwa wiki.

Mdau wa Sinza:
Mimi mkanda mweusi ninao mmoja tu, wa suruali 😂 kazi yangu baunsa, mwaka wa tisa. Endeleeni wakuu nimekaa.

Mzee wa Ilala:
Vijana mna raha ya kununua mkanda. Sisi tuliokuta Goju imeshaanza pale dojo ya Zanaki miaka ya 70, kupata gi tu ilikuwa shughuli, mimi ya kwanza nilishonewa na fundi kwa kitambaa cha magunia ya unga. Mkanda tulikuwa nao mmoja, mweupe, ukipanda unautia rangi ya nguo kwenye sufuria, na ukipanda tena unautia nyingine juu yake. Wa kijani wangu ulitoka rangi ya tope na shati la kazini likaharibikia humohumo, mke wangu anaikumbuka siku hiyo kuliko harusi.

Halafu acheni kudanganywa kwamba mkanda ulikuwa haufuliwi ukawa mweusi kwa jasho la miaka. Hiyo ni chai. Mkanda mweusi ni mambo ya Jigoro Kano wa judo, aliyefungua Kodokan 1882, kareti ilikuja kuazima kwake. Na hizi rangirangi za katikati zilienezwa Ulaya, Kawaishi alipokuwa anafundisha judo Paris miaka ya 30, wazungu walikuwa wanataka waone wanaenda mbele. Kwa hiyo haraka ya mikanda hatukuianza sisi.

Mama wa Kimara:
Mimi sichezi ila nalipa. Mwanangu ana miaka 9, taekwondo, kaja nyumbani na mkanda mweusi baada ya mwaka na miezi mitatu. Nikafurahi nikaposti. Shangazi yake ambaye alishacheza akaniuliza wifi, cheti cha Kukkiwon, yale makao makuu ya taekwondo, kiko wapi? Nikasema kipi tena. Kumbe mtoto chini ya miaka 15 huko kwao Korea anapewa poom, mkanda nusu nyekundu nusu nyeusi, na inabidi awe amemaliza zile Taegeuk (kata za taekwondo) zote nane. Nikamwambia mwanangu hebu nioneshe ya nane. Akaonesha ya tatu, akaonesha tena ya tatu huku anaangalia upande wa pili.

Niliumia jamani. Sio hela, ingawa hela nayo iliuma. Sasa mnishauri, nimvue? Anaulaza chini ya mto ule mkanda.

Sensei wa Mbagala:
Ngoja na mimi mtuhumiwa niongee. Kupandisha haraka nimefanya na sikatai. Ukumbi nalipa kila mwezi, mwenye ukumbi hajui kata. Mtoto akikaa mkanda mweupe miezi minane mzazi anamhamishia kwenye mpira, mimi nabaki na wanafunzi wanne na wawili kati yao ni wanangu. Mnasema Upanga Upanga, Upanga kuna watu wana uwezo wa kulipia jasho, huku kwetu mzazi analipia anachokiona.

Na msijifanye wa kale walikuwa malaika. Funakoshi wa Shotokan kafika Tokyo kutoka Okinawa 1922, 1924 kagawa mikanda myeusi ya kwanza, na Hironori Otsuka aliyekuja kuanzisha mtindo wa Wado-ryu alikuwemo. Miaka miwili tu kwa Funakoshi! Mbona huyo hamumsemi?

Mzee wa Ilala:
Otsuka alianza jujutsu akiwa mtoto mdogo, sensei. Alipofika kwa Funakoshi alikuwa mtu mzima wa mazoezi, sio wa kuja na kaptula ya shule. Ila la ukumbi nakuelewa, hilo sikubishii.

Mdau wa Kigamboni:
Mimi wa kareti ya Kyokushin, sisi tunapigana kweli (ngumi za uso hapana, mateke ya kichwa ruksa), na miaka yote tulikuwa tunawacheka wa kareti ya kugusa. Mpaka ile fainali ya olimpiki ya Tokyo, 2021, uzito wa juu wanaume. Hamedi wa Saudia anaongoza, akamtandika Ganjzadeh wa Iran teke la kichwa, jamaa kazimika kabisa, kaja kubebwa. Kuja kuzinduka anaambiwa dhahabu ya kwako, mwenzio katolewa kwa kuzidisha nguvu. Kijiwe kizima tulicheka tukasema mnaona mchezo wa kina dada huu. Sempai wetu mmoja, mtu wa maneno machache, akauliza, nani hapa anaweza kumpiga mtu teke la spidi ile alafu likafika? Tukabadilisha mada.

Mkanda wangu mimi wa kijani, mwaka wa saba. Sio sifa, niliacha katikati miaka mitatu kwa ajili ya goti.

Mdau wa Msasani:
Njooni jujutsu ya kibrazili muone, huku mkanda hauna pa kujificha maana kila siku unakabwa. Watu wazima mpaka mweusi rangi ni tano tu, bluu peke yake kwa sheria za shirikisho letu, IBJJF, unaikalia miaka miwili kabla hujaigusa zambarau, na chini ya miaka 19 mweusi hupewi hata ukilia. Kaja jamaa kwetu, dani ya tatu ya mtindo sijui gani, kakataa kufunga mweupe. Dogo wa bluu kampiga kabali ndani ya dakika moja. Kagonga mkeka, kasimama, eti kabali sio kareti. Kweli bwana sio kareti.

Mdau wa Tabata:
@Msasani nanyi mkisimamishwa wima mpigwe teke moja tuone, mnakimbilia chini kama mmedondosha shilingi.

Mdau wa Msasani:
Karibu Jumanne mkuu, mkeka upo.

Mleta uzi:
Nimesoma yote. Mama wa Kimara, usimvue wewe, atakuchukia wewe. Mpeleke pahala wanafundisha, acha akutane na wenzake, atauvua mwenyewe. Mimi hakuna aliyenivua.

Sensei wa Mbagala nimekuelewa kuliko nilivyotaka, sensei wangu naye ukumbi ulikuwa unamnyima usingizi na sikuwahi kumuuliza hata siku moja. Ila angeniambia tu jamani, kwamba huu ni mkanda wa kulipia ukumbi.

Mliouliza baada ya Upanga ilikuaje: nilirudi baada ya wiki mbili, nimefunga mweupe. Yule dada akaniangalia kiunoni, akaniangalia usoni, akasema "karibu, kafagie kwanza". Ile picha ya studio bado iko sebuleni kwa mama, nimeomba itolewe amekataa, wageni anawaambia mwanangu huyo ninja.

Napendekeza Jumapili saa 12 asubuhi ufukwe wa Coco, mchangani, mitindo yote, kila mtu aje na mkanda mweupe tu. Nani yumo?

Mdau wa Kigamboni:
Nimo, goti likikubali.

Mdau wa Sinza:
Nakuja kulinda viatu.

Sensei wa Mbagala:
Nimo. Ila mweupe wangu ndio kamba ya kuanikia nguo siku nyingi, na leo mama watoto kafua.