Neno "paa" lina maana ngapi khasa? Naandaa kadi za wanafunzi

Mwalimu_Vuga

Assalaam alaykum jamani. Naandaa kadi za msamiati kwa wageni wanaosoma Kiswahili hapa Mjini Zanzibar: mbele neno, nyuma maana. Nimekwama kwenye "paa". Nimeshaandika la nyumba, mnyama, kwenda juu na la samaki, na nyuma ya kadi pameshajaa. Sasa naambiwa kuna na la moto. Naomba mnisaidie mawili. Kwanza, zipi zinamfaa mtu wa mwaka wa mwanzo? Pili, hizi ni maana nyingi za neno moja, au ni maneno mbalimbali yaliyofanana sura tu? Programu ya kutafsiri ya kwenye simu haisaidii kitu: ukiiandikia "mpae huyo samaki" inakuletea habari za kuezeka.

Kitawe

Wa alaykum salaam, mwalimu. Usijaze kadi moja; fanya kadi tano. Kamusi zetu nazo hazilipi "paa" mlango mmoja, hulifungulia vidahizo (maneno ya kuanzia maelezo) mbalimbali na kuvipa nambari ndogo, kwa sababu kinachofanana ni umbo tu. Skuli hili huitwa kitawe. Wanafunzi wengi hulichanganya na vitate, ambavyo ni maneno yanayokaribiana kimatamshi, kama "paa" na "baa", au "paa" na "pa" ya kumpa mtu kitu.

Majina mawili utayatenganisha kwa upatanisho. La nyumba ni ngeli ya ji-/ma-: paa hili limevuja, mapaa haya yamevuja. Mnyama ni a-/wa-, na umbo halibadiliki kwa wingi: paa huyu amekimbia, paa hawa wamekimbia. Kwa hiyo kamwe usiandike "paa" peke yake kwenye kadi ya jina. Andika "paa hili" na "paa huyu", kazi imekwisha.

Vitenzi ni vitatu, navyo vitazame kwa yambwa, yaani kile kinachotendwa. Kupaa kwa kwenda juu hakuchukui yambwa: moshi unapaa, ndege imepaa, usiku wa Miraji Mtume (S.A.W.) alipaa mbinguni. Kupaa samaki ni kumtoa magamba. Kupaa moto ni kuchota makaa yanayowaka, kwa kawaida kutoka jiko jengine, ili uwashie lako: "kapae moto kwa jirani". Hiki cha mwisho vijana wa mjini hawakisikii tena kwa sababu jiko la gesi halina cha kupaa, lakini usikiache. Nitasema kwa nini ukiuliza.

Matamshi nayo yafundishe mapema. "Paa" ni silabi mbili, pa-a, na mkazo uko kwenye ile ya kwanza: ku-PA-a. Mgeni akiifupisha anaingia kwenye "kupa". "Anampaa samaki" ni mtu yuko jikoni. "Anampa samaki" ni mtu anagawa kitoweo.

BintiWete

Kwa kadi ya samaki, mwalimu, usiishie kwenye "kutoa magamba", waonyeshe. Shika mkia kwa vidole vyenye chumvi au jivu visiteleze, tumia mgongo wa kisu, si makali, na uende kutoka mkiani kuelekea kichwani. Magamba yanalalia upande wa mkia, kwa hiyo ukienda kinyume chake yanainuka. Ukienda nayo kisu kinapita juu tu. Na mpae kabla hujampasua. Ukishamtoa matumbo, tumbo linalegea, kisu kinadidimia na kuchana nyama. Samaki aliyekauka ngozi humng'ang'ania magamba, mtie maji kidogo kwanza.

Faida ya kuonyesha ni kwamba wanaona pia nani *hapaliwi*. Changu na pono hupaliwa, magamba ya pono ni makubwa unayahesabu. Nguru na papa hawapaliwi, magamba yao ni madogo mno, na pweza hana kabisa. Mgeni akisema "nimempaa pweza" soko zima la Darajani litacheka, na neno hatolisahau.

Wengine husema "kupara samaki". Nalo ni sahihi, asije akadhani ni kosa la uandishi.

Fundi_Makuti

Nyongeza kwenye la nyumba. Watu hudhani nyumba moja ina paa moja. Kwa fundi wa makuti sivyo. Kila ubavu unaoteremka ni paa: paa la mbele na paa la nyuma. Zile sehemu fupi za ncha mbili, kwenye pembeni mwa nyumba, ni vipaa. Kwa hiyo nyumba ya kawaida ya makuti ina mapaa mawili na vipaa viwili, na fundi akikwambia "mapaa yamekwisha, bado vipaa" hajakosea hesabu, anakwambia imebaki kazi ya ncha.

Nyumba ya bati ya mteremko mmoja ndiyo yenye paa moja kweli. Na "paa" si makuti yenyewe. Makombamoyo na fito ni mifupa ya paa, makuti ya viungo ndiyo ya kuezekea. Makuti ya kumba ni ya ua, ukiyapandisha juu yatakuvujia. Mwanafunzi akisema "nimenunua paa" akimaanisha makuti, msahihishe.

Mwalimu_Vuga

Ahsanteni sana. Nimeshafanya kadi tano. Sasa Kitawe, ule moto: kwa nini nisiuache? Na nimekutana na "palia" kwenye matini, nikadhani ni neno jengine kabisa.

Kitawe

Ndio hapo penyewe. Chukua zaa, vaa, twaa, kaa. Vinyambue: zalia, valia, twalia, kalia. Ile L imejificha baina ya a mbili, na hutokeza unapoongeza kiambishi. "Paa" nayo hivyo hivyo: palia, paliwa. Ndiyo maana BintiWete kaandika "hupaliwa" bila ya kufikiri.

Kwa hiyo "nipalie" peke yake haina maana moja. Mbele ya meza ya muuza samaki, ni "nitolee magamba". Jikoni, ni habari ya makaa. Shambani, ni kuondoa magugu, ingawa hapo nakushauri ufundishe "palilia", ndiyo inayotumika zaidi na inapunguza mkorogo. Halafu kuna "maji yamempalia" au "amepaliwa na mate": kitu kimekwenda njia siyo, anakohoa. Hii kaiwekee kadi yake, mgeni ataihitaji siku ya kwanza atakapokula urojo wa pilipili.

Moto usiuache kwa sababu ya msemo. "Kumpalia mtu makaa" ni kumchongea, kumtia matatani. Mwanafunzi asiyejua kupaa moto atabaki kukariri msemo kama kasuku.

BintiWete

Na asiyejua kupalia chungu pia. Wali wa nazi ukikaribia kukauka maji, unapunguza moto wa chini, unafunika, unapalia: makaa machache juu ya mfuniko. Joto linapata juu na chini, punje zinakauka bila ya kuungua. Yasambaze ukingoni. Ukiyalundika katikati, unapata duara kavu katikati na ubichi pembeni. Mkate wa kumimina ndio haswa, ule wekundu wa juu unatokana na makaa ya kupaliwa. Mfuniko uwe wa chuma na bapa. Wa kuba makaa yanaporomoka.

Ukiona makaa yamewekwa juu ya kichwa cha chungu, msemo wa kumpalia mtu unajifafanua wenyewe.

Na kuna "paaza", mwalimu. Kupaaza sauti kunatokana na kule kwenda juu. Lakini kupaaza mtama ni kuusaga kwa jiwe ukatoka chenga chenga, si unga laini. Usije ukamwambia mwanafunzi kwamba mtama unapandishwa sauti.

Mpita_Jozani

Kwenye kadi ya mnyama tafadhali usibandike picha ya swala wa mbugani mwenye pembe ndefu. Paa wa kwetu ni mdogo. Paa nunga (*Cephalophus adersi*) ana rangi ya wekundu wa kahawia na mkanda mweupe nyuma ya mapaja, hukaa kwenye vichaka vizito. Anapatikana Unguja na sehemu chache za misitu ya pwani ya Kenya basi. Msitu wa Jozani ndipo pa kumtafutia, alfajiri, na mara nyingi utaona mkia tu.

Kitawe

Halafu hii "bei imepaa" ya magazetini, mwalimu, si kosa, ni kule kwenda juu kumetumiwa kwa sitiari. Maana mpya hapo hakuna, kwa hiyo kadi yake hapana. Iweke chini ya moshi na ndege.

Mwalimu_Vuga

Na "upaa" wa kichwani, wa mwenye kipara? Niuweke wapi?

Fundi_Makuti

Kadi yake, ni jina la u-. Ila usiuweke karibu na ile ya nyumba. Wenye upaa wanasikia.