Kupanda upya michungwa kwenye shamba kuukuu kwa njia za kilimo hai

MkulimaMuheza: Habari wakuu. Shamba ni ekari 2 za michungwa ya zaidi ya miaka 30, imebebeshwa (imeunganishwa) kwenye mashina ya limau. Mti ukifa unang'olewa na mche mpya unapandwa palepale. Mwaka wa pili sasa miche imedumaa na majani ni ya njano, ingawa samadi inawekwa. Miche ya kundi hilohilo iliyopandwa nje ya shamba imestawi. Nianzie wapi?

Mzizi_Hai: Mkuu, shida iko kwenye hilo "palepale". Ng'oa mche mmoja taratibu, osha mizizi kwenye ndoo. Mizizi myembamba ikibaki na udongo ulionatia hata baada ya kuoshwa, hao ni minyoo wa michungwa (Tylenchulus semipenetrans). Jike hujichomeka kwenye mzizi, na mayai yake hukaa ndani ya ute unaoshika chembe za udongo. Kisha vuta mzizi kwa kucha: gome likichomoka kama ala na kubaki uzi tu, huo ni uozo wa Fitoftora (kimelea cha udongoni kinachoozesha mizizi na shina). Mara nyingi vyote viwili vipo, na limau ni dhaifu kwa vyote viwili. Ndiyo maana samadi peke yake haikusaidii.

Ukitaka uhakika, chukua udongo wa shimo la zamani, nusu yake uchemshe kwa mvuke dakika 30. Otesha mbegu za limau kwenye makopo 5 ya kila udongo, kwa miezi 2 hadi 3. Miche ya udongo uliochemshwa ikiizidi sana mingine, tatizo ni viumbe wa udongoni kuliko upungufu wa rutuba.

Shamba_Darasa: Naongeza. Visiki vyote ving'olewe, na mizizi yote inayozidi unene wa penseli. Kisiki kinachochipua kinaendelea kuwalisha minyoo. Halafu pumzisha eneo kwa mahindi na marejea (mmea jamii ya kunde wa kurutubisha udongo), misimu 2 au zaidi. Minyoo hawa hawali mazao hayo. Wanapungua, ila hawatokomei, maana mayai hudumu miaka. Bangi mwitu (Tagetes, si bangi ya kuvuta) wengi wanaisifia kwa kuua minyoo, lakini nguvu yake ni kwa minyoo wa aina nyingine, usiitegemee hapa.

Januari na Februari, kabla ya masika, lowesha udongo hadi sentimita 30, funika kwa nailoni ang'avu (si nyeusi) upana wa mita 2.5 au zaidi, fukia kingo, uache wiki 6. Kipande chembamba hakipati joto la kutosha pembeni.

Mashimo mapya yawe katikati ya manne ya zamani. Kwa nafasi ya mita 6 kwa 6, utakuwa mita 4.2 kutoka kila shimo la zamani.

Bustani_Tanga: Kwenye kupanda ndipo wengi wanaharibu. Samadi ikifukiwa chini ya shimo inaoza, udongo unatitia, na mahali pa kubebeshea panazama. Fitoftora inapanda shinani. Changanya madebe 2 ya samadi iliyoiva na udongo wa juu, inua tuta la sentimita 30, limwagilie na liache litulie wiki 3 ndipo upande. Mahali pa kubebeshea pawe sentimita 30 juu ya udongo, na matandazo yakae mbali na shina kwa kiganja kizima.

Kitaluni, ulizia miche iliyobebeshwa kwenye Swingle (aina ya shina la chini badala ya limau): inastahimili minyoo na Fitoftora, ila haipendi udongo wa chokaa. Ulizia pia udongo wa viriba ulitoka wapi; ukitoka chini ya michungwa, unanunua minyoo.

MkulimaMuheza: Asanteni sana. Na ile iliyodumaa, naweza kuihamisha?

Mzizi_Hai: Usiihamishe, utasambaza minyoo. Fukua udongo uliofunika mahali pa kubebeshea, weka kilo 1 ya mashudu ya mwarobaini kuzunguka kila mche, yafukie kidogo, kisha matandazo. Shina lipake mrututu (chumvi ya shaba) gramu 100 na chokaa gramu 100 kwa lita 1 ya maji, ukichanganyia kwenye ndoo ya plastiki. Kama una cheti cha kilimo hai, waulize kwanza waliokupa, maana matumizi ya shaba yana kikomo. Mche usiotoa chipukizi mpya hadi masika yaishe, ng'oa uuchome.