Naomba msaada kulitambua lori la kijeshi kwenye picha ya babu (Vita ya Pili)

Mjukuu wa Keya (mleta uzi)

Wakuu habari za muda huu. Naomba msaada kwa wanaojua malori ya kijeshi ya zamani hasa yale mazito. Tuna picha moja tu ya babu mzaa baba alipokuwa Keya (askari wa KAR, jeshi la mkoloni Mwingereza huku Afrika Mashariki), amesimama pembeni ya lori kubwa kweli kweli, sasa ukoo tunaandaa kitabu kidogo cha kumbukumbu kabla ya kikao cha Desemba na mimi ndo nimepewa kazi ya kuandika maelezo chini ya picha. Shida inaanzia hapo. Baba mdogo anasema ni lori la Mjerumani waliloliteka na babu ndiye alikuwa analiendesha kubebea vifaru huko Burma, shangazi anasema hamna bwana babu alikuwa anabeba mchele na madebe ya maji, na kuna shemeji mmoja kasema kwa kujiamini kabisa kwamba hiyo ni Scania.

Picha imegoma kupanda, nitajaribu tena kwenye kompyuta. Kwa sasa naieleza tu. Boneti ni ndefu, ubavuni mwake kuna namba inaanza na H halafu tarakimu nyingi, mwisho umekatika. Kioo cha mbele kimegawanyika vipande viwili, juu ya kabini hamna bati, ni turubai. Nyuma ya kabini kuna bodi fupi ya chuma, na nyuma yake tena linaonekana kidogo tela lililolala chini chini lenye vitairi vidogo vingi. Babu kavaa ile kofia pana iliyokunjwa upande mmoja, na begani ana nembo ya kichwa cha mnyama mwenye pembe puani. Nyuma ya picha kuna mhuri umefutika, mwaka unasomeka 194 basi.

Hili ni lori gani? Na je niandike kweli babu alikuwa dereva wake?

Bampa kwa Bampa

Scania 😂😂 shemeji asamehewe tu. Scania ni ya Sweden, na Sweden haikupigana ile vita.

La Mjerumani nalo futa. Mvutaji wake mkubwa alikuwa FAMO ya tani 18, mbele ina tairi mbili nyuma ina minyororo kama kifaru chenyewe, na kifaru chao cha Tiger kimoja kikikwama zilikuwa zinaunganishwa FAMO mbili hadi tatu kukitoa. Ingekuwa hiyo ungeshaitaja hiyo minyororo. Halafu Burma walikuwa wanapigana na Mjapani, lori la Mjerumani litoke wapi huko?

kijana_wa_posta

Mi nasema Dragon Wagon hiyo, M25. Dude la Mmarekani la kubebea vifaru vyao vya Sherman, nimeangalia video zake kibao.

Lobedi Tunduma

Kijana wa posta punguza video. Mi nafanya kazi ya lobedi, nabeba ekskaveta na makatapila, na haya magari ya babu zetu wa kazi hii nayafuatilia miaka mingi.

Kichwa cha M25 kinaitwa M26, na hakina boneti ndefu. Uso wake ni bapa, kabini pana ya bati nene la kuzuia risasi yenye vidirisha vya kufunga, injini imekaa humo humo ndani pamoja na watu, jiulize joto lake. Nyuma magurudumu yanazungushwa na cheni kubwa zinaonekana kabisa kwa nje. Ilikuwa ya petroli, injini ya Hall-Scott ya karibu lita 18, hosipawa kama 240, na tanki la lita 450 hivi lilikuwa linakatika ndani ya kilomita 200. Bosi wangu angesikia matumizi hayo angeuza gari siku hiyo hiyo. Halafu ile ni semi, tela lake lina tairi kubwa zile zile za kichwa. Mleta uzi anasema tela lina vitairi vidogo vingi, kwa hiyo M25 imetoka.

Kwa maelezo yake hii ni Diamond T, model 980 au 981. Mwingereza alianza vita akiwa na Scammell Pioneer, gari gumu sana porini, ile ekseli ya mbele inapanda na kushuka balaa, lakini ilikuwa na injini ya Gardner ya hosipawa 102 tu na semitela lake lilikuwa halichomoki. Vifaru vikazidi kuwa vizito na virefu, ikawa haitoshi, na viwanda vyake vimeelemewa. Wanunuzi wake wakaenda Marekani na kazi ikaangukia kwa Diamond T wa Chicago. Mpaka 1945 zilitoka karibu 5,900 za model hizo mbili. Injini Hercules ya dizeli, silinda sita, lita 14.7, gia boksi kuu ya gia nne na ya msaidizi ya gia tatu. Mwendo wake wa mwisho kilomita 37 kwa saa. Thelathini na saba wakuu, na hapo ni kwenye lami.

Sasa hiyo bodi fupi ya chuma ndo inanipa uhakika. Diamond T ni pulingi, siyo semi. Kwenye semi mzigo unakaa juu ya kichwa, difu zinakandamizwa na tairi zinashika. Kwenye pulingi unavuta kwa tau tu (chuma cha kuungia tela), uzito wa kifaru wote uko kwenye tela, kichwa kikiwa chepesi tairi zinazunguka hewani. Kwa hiyo ile bodi walikuwa wanaijaza vitu vizito kusudi, hadi tani nane hivi, ili tairi nane za nyuma zing'ate ardhi. Na tela lenyewe ni Rogers la tani 40, tairi 24 ndogo za inchi 15, ndo hivyo vitairi unavyoviona. Kifaru kizima kinapanda chenyewe kwa ngazi za nyuma, kibovu kinavutwa na winchi iliyo nyuma ya kabini, waya unapita juu ya tela mwanzo mpaka mwisho. Wanaovuta pulingi humu wanajua kurudisha nyuma na tau ni mateso, sasa mtu arudi nyuma na Sherman ya tani 30 mgongoni, kwenye njia ya udongo.

Mleta uzi nenda kaangalie bampa ya mbele. Kama katikati ina uwazi wenye roli za kupitishia waya hiyo ni 981, waya wake ulikuwa kama mita 150 na ungeweza kuvuta kwa mbele au nyuma. Kama hamna, ni 980, waya wa mita 90 hivi na unavuta kwa nyuma peke yake.

Mjukuu wa Keya

Mkuu Lobedi nimekaa na lenzi hapa. Kwenye bampa katikati kuna uwazi na vitu viwili vya mviringo vimesimama, jamaa mwingine kaegemea hapo mkono umeziba kidogo lakini vinaonekana. Kumbe nilikuwa nadhani ni taa.

Lobedi Tunduma

981 hiyo. Na hilo turubai lina faida yake kwako. Za mwanzo zilikuja na kabini ya bati, kuanzia 1943 ndo wakageukia kabini ya wazi yenye turubai. Kwa hiyo picha haiwezi kuwa ya 1941 wala 1942.

Kongwa Juu

Nisubirini kidogo jamani. Mbona wote mmekimbilia Burma? Baada ya vita mitambo ya jeshi iliuzwa kwa wingi na mingine ikaishia huku kwetu. Mwaka 1947 Mwingereza alipoanzisha mradi wa karanga Kongwa, mashine nyingi alizoleta zilikuwa zimeshatumika vitani, mpaka vifaru vya Sherman viligeuzwa matrekta yakaitwa Shervick kwa ajili ya kung'oa visiki. Ardhi ya hapa ikawanyoosha, kiangazi udongo unakuwa mgumu kama zege, mradi ukafungwa 1951. Mzee anaweza akawa alipigia picha hapo au bandarini tu. Angalia nyuma yake kuna mazingira gani.

Msomaji Nairobi

Point ya Kongwa Juu ni ya maana, lakini kuna vitu viwili vinaipinga. Kwanza hiyo namba. Jeshi la Mwingereza wakati wa vita lilikuwa linaweka herufi kulingana na aina ya gari, L ni malori, T ni vifaru, X ni matela, na H ni magari ya kuvuta. Diamond T iliandikishwa kama ya kuvuta, ndio sababu ina H. Mfumo huo ulibadilishwa 1949. Na gari likishauzwa kwa raia namba ya jeshi hupakwa rangi.

Pili, na hii ndiyo kubwa, ni bega la mzee. Kichwa cha kifaru, yule mnyama, ni alama ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Mtu wa mradi wa karanga hawezi kuvaa hiyo. Hii divisheni iliundwa 1943, ikapelekwa Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, kwa mazoezi, halafu 1944 ikaingia Burma. Ilishuka bonde la Kabaw wakati wa masika, wakati ambao majenerali wengi walikuwa wanasimamisha vita. Barabara ziligeuka uji, ikabidi zitandikwe magogo ili magari yapite. Walifika mto Chindwin mwanzoni mwa Desemba 1944, na pale Kalewa likajengwa daraja la Bailey (la vipande vya chuma vya kuunganisha) la futi 1,154, hilo ndilo lilikuwa refu kuliko yote ya aina yake wakati huo. Baada ya hapo wakarudishwa India kupumzika.

Sasa soma vizuri. Nembo ya begani ni ya mtu, haielezi gari. Vikosi vya kubeba vifaru kwa kawaida havikuwa ndani ya divisheni ya askari wa miguu, viliwekwa juu zaidi, vinatumwa pale vinapohitajika. Mwanzoni mwa 1945 ndivyo vilivyosogeza vifaru vya Jeshi la 14 la Mwingereza kuelekea mto Irrawaddy. Kwa hivyo mwenye kifaru begani kusimama kando ya Diamond T yaonyesha walikutana, pengine njiani, pengine kambini. Haionyeshi kwamba lilikuwa lake. Gari lenyewe lina alama yoyote ya kikosi kwenye madigadi au bampa?

Mjukuu wa Keya

Kuna kiboksi kwenye madigadi ya kushoto kina namba mbili, sioni mnyama wowote hapo.

Msomaji Nairobi

Basi ndio hivyo. Namba ndani ya kiboksi ni ya kitengo chao. Kama hakuna kifaru kwenye gari, na yeye anacho begani, huyo ni mgeni wa hilo gari.

Bampa kwa Bampa

Askari na picha bwana. Mimi kaka yangu ana picha kwenye kila helikopta iliyowahi kutua mkoani kwetu na hajawahi kupanda hata moja.

kijana_wa_posta

Ina maana Waafrika walikuwa hawapewi kuendesha magari makubwa? Mbona ile Red Ball Express madereva wengi walikuwa weusi?

Lobedi Tunduma

Hao walikuwa Wamarekani weusi, Ufaransa, kuanzia tarehe 25 Agosti mpaka 16 Novemba 1944, na gari zao nyingi zilikuwa GMC za tani mbili na nusu, kazi yao mafuta na risasi kwa majeshi yaliyokuwa yanakimbiza adui. Heshima yao wanayo, lakini hiyo ni vita nyingine ukilinganisha na tope la Kabaw.

Na hakuna aliyesema Waafrika hawakuendesha. Afrika Mashariki ilikuwa na kikosi chake cha usafirishaji, EAASC, vijana wengi walijifunza udereva humo na waliporudi ndo wakawa madereva wa mabasi na malori ya kwanza kwenye miji mingi. Shangazi akisema mchele na maji usimdharau. Kupeleka mchele na maji mstari wa mbele kwenye barabara ya magogo, usiku, bila taa, na mvua ile, mi naona ni kazi ngumu kuliko kuburuza Diamond T kwa mwendo wa 37.

Mjukuu wa Keya

Wakuu nimepata zaidi ya nilichokuja kuomba. Tatizo sasa ni baba mdogo, huyu mzee amelisimulia hilo lori kwenye kila msiba tangu nikiwa mdogo. Kuna mahali naweza kuthibitisha babu alikuwa kikosi gani hasa kabla sijaandika?

Msomaji Nairobi

Anza nyumbani. Uliza kama kuna cheti chake cha kuachishwa jeshi au karatasi yoyote yenye namba yake ya jeshi, wazee wengi walifungia pamoja na hati za shamba. Medali ya Burma Star ikipatikana inathibitisha alifika huko lakini haisemi aliendesha nini. Ukishajua kikosi, kumbukumbu za kila siku za vikosi vya upande ule wa Asia ziko Kew, London, kwenye mafaili ya WO 172. Jina lake usilitegemee kuliona mle, askari wa kawaida hawakutajwa, ila utajua kikosi kilikuwa wapi mwezi gani. Nyaraka za Taifa za Nairobi na za Dar nazo zina mafaili ya askari na mambo yao baada ya vita, hapo inabidi uende mwenyewe ukae na orodha.

Mjukuu wa Keya

Sawa. Nimeandika hivi, mseme kama kuna uongo: "Babu akiwa askari wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, kati ya 1943 na 1945, kando ya Diamond T 981, gari la Kimarekani la kuvutia tela la vifaru lililotumiwa na jeshi la Uingereza."

Kongwa Juu

Safi, nimekubali yaishe 😀 Ila ongeza na ya shangazi sentensi moja, kwamba familia inakumbuka alisafirisha chakula na maji. Kwamba inakumbuka, hapo hujadanganya mtu.

Bampa kwa Bampa

Na ya baba mdogo?

Lobedi Tunduma

Baba mdogo mpeni nafasi aisimulie mwenyewe kikaoni, kitabuni yakae hayo uliyoandika. Halafu mkuu kabla hujaipeleka kwa mchapaji iskani mbele na nyuma, na huo mhuri pia hata kama umefutika, usikubali waipige laminesheni wala waigundishe kwenye kadibodi. Na hiyo namba ya H tuma zile tarakimu zinazosomeka, na ile ya kwenye kiboksi.