Mahujaji wa Mayflower: je, kweli walifuata uhuru wa kuabudu?

Mleta mada:
Ukisoma habari za Mahujaji, kundi la Waingereza waliopanda meli ya Mayflower mwaka 1620 kwenda Amerika, utaambiwa walivuka bahari ili wamwabudu Mungu kwa uhuru. Mimi sikubaliani, na naomba tujadili kwa hoja.

Uingereza kweli palikuwa hapakaliki. Kanisa lilikuwa chini ya mfalme, asiyehudhuria alitozwa faini, na mwaka 1593 Henry Barrow na John Greenwood walinyongwa kwa maandishi yao ya kutaka kujitenga na kanisa hilo. Ndipo waumini wa kijiji cha Scrooby, akina William Brewster na William Bradford, walipotorokea Uholanzi mwaka 1608. Sehemu hii ndiyo watu wanairuka. Mjini Leiden waliishi zaidi ya miaka kumi na mchungaji wao John Robinson, wakisali walivyotaka. Bradford mwenyewe ameandika kilichowaondoa: kazi za kuvunja mgongo, uzee wa mapema, watoto kuvutwa na tabia za mjini, na vita vya Hispania vilivyonukia kurudi.

Kusali walishasali. Walichotaka ni nchi ambayo dini yao ndiyo ingekuwa sheria. Mwaka 1645 ililetwa hoja Plymouth, koloni waliloanzisha Amerika, kwamba kila asiyevunja amani aachwe na imani yake. Edward Winslow, abiria wa Mayflower, alishtuka: hata Mturuki, Myahudi na Mkatoliki wangeingia! Gavana akakataa isipigiwe kura. Gavana huyo ni Bradford, yule yule aliyetoroka Uingereza akiwa kijana.

Mchangiaji:
Ndugu mleta mada, umewahukumu haraka. Brewster alikuwa anachapa vitabu Leiden vilivyomkera Mfalme James. Mwaka 1619 balozi wa Uingereza alishinikiza mpaka herufi za kuchapia zikakamatwa na Brewster akajificha. Unaruhusiwa kusali lakini ukiandika unasakwa. Huo ni uhuru gani?

Na hilo la watoto usilipite juu juu. Mimi nalea hapa Minnesota. Nawasemesha wanangu Kiswahili, wananijibu Kiingereza. Mdogo hawezi kuongea na bibi yake kwenye simu bila mimi kukaa katikati. Mzazi anayeona mtoto anamponyoka akiwa bado ndani ya nyumba yake anaweza kupanda meli yoyote, na simlaumu.

Tena tusichanganye Plymouth na Boston. Waliowanyonga Waquaker wanne (wafuasi wa dhehebu jingine la Kikristo) kati ya 1659 na 1661, Mary Dyer akiwamo, ni Wapuritani, Waprotestanti wakali wa Massachusetts, koloni jingine kabisa lenye makao yake Boston.

Mleta mada:
La uchapaji nalikubali, sikulipa uzito. Plymouth hawakunyonga Waquaker, ni kweli, ila waliwatoza faini, wakawachapa viboko na kuwafukuza.

La bibi kwenye simu limeniuma, ndugu yangu. Lakini wewe ukimfundisha mwanao Kiswahili humfungii jirani yako mdomo. Bradford alifunga.

Na bado hatujagusa ardhi. Plymouth ilijengwa mahali pa Patuxet, kijiji kilichomalizwa na maradhi yaliyoletwa na Wazungu miaka michache kabla. Nusu ya abiria 102 walikufa katika majira ya baridi ya kwanza. Waliobaki walifundishwa kupanda mahindi na Tisquantum, mzaliwa wa Patuxet aliyenusurika kwa sababu alikuwa ametekwa na kupelekwa Ulaya. Massasoit, kiongozi wa Wawampanoag, wenyeji wa eneo hilo, akafanya nao mapatano ya amani mwaka 1621. Katika vita vya 1675 na 1676 kati ya wakoloni na wenyeji hao, mwanawe Massasoit, Metacom, aliuawa, na kichwa chake kikachomekwa kwenye mti hapo hapo Plymouth, kikakaa miaka mingi.

Anayesema walileta uhuru wa kuabudu anieleze Wawampanoag waliachiwa wapi pa kuabudia.