Ombi letu la ruzuku linajadiliwa kikao cha faragha, nifanyeje?

Mtafiti Mchovu
Wakuu, naombeni ushauri. Mimi na mwenzangu aliye chuo kimoja Marekani tumeomba ruzuku NIDA, ile taasisi yao ya utafiti wa dawa za kulevya, siyo NIDA yetu ya vitambulisho. Mradi ni wa Dar: kwa nini baadhi ya waraibu wanakatisha methadoni, ile dawa ya kutibu uraibu wa heroini, miaka yote hii tangu kliniki ya Muhimbili ianze 2011. Jana nimeona tangazo kwenye gazeti la serikali yao: tarehe, saa, kikao cha video, halafu umma hauruhusiwi. Majina ya wajumbe wa jopo linalopima maombi yapo kwenye tovuti, na mmoja tulikutana kwenye kongamano. Nimwandikie kumsalimia? Na kama hawana la kuficha, mlango wanafunga wa nini?

Kijana wa Ilala
Nilidhani umekosa kitambulisho, nikataka kukupa pole 😂 Msalimie tu mkuu, salamu hailipiwi. Huko ndani wanagawana wenyewe.

Bi Mkubwa wa Maabara
USIMWANDIKIE. Mwombaji akimfuata mjumbe, ombi linaweza kuahirishwa au kuondolewa kabisa. Hata salamu. Wa kuulizwa ni afisa wa jopo, jina na simu yake viko mwishoni mwa tangazo, na aulize mwenzako aliyeandikwa kama kiongozi wa mradi.

Kuhusu mlango: sheria yao ya 1976 inataka vikao viwe wazi, ila ina vighairi. Tangazo lako litakuwa limetaja viwili, 552b(c)(4) na (c)(6), yaani siri za kibiashara na mambo binafsi ya watu. Humo ndani wanapima wazo ambalo hujalichapisha, na kama wewe unaliweza. Ungependa mshindani wako awe amekaa pembeni na daftari?

Kijana wa Ilala
Sawa, lakini wakijuana je?

Bi Mkubwa wa Maabara
Anayefanya kazi chuo kimoja na mwombaji, au aliyeandika naye makala ndani ya miaka 3, anatoka ombi hilo likijadiliwa. Sisemi hakuna upendeleo duniani.

Mtafiti Mchovu
Kuandika naye, hapana. Tulikunywa chai tu. Matokeo lini?

Daktari Asiye na Sindano
Alama zinaingia kwenye akaunti ya mwenzako siku chache baada ya kikao. Usishtuke: kila mjumbe anatoa 1 hadi 9, wanachukua wastani mara 10. Kwa hiyo 10 ndiyo bora, 90 ndiyo kilio. Mimi niliona 28 nikalala na njaa, kumbe ilikuwa nzuri.

Msipojadiliwa kabisa, maana maombi mengi hukatwa kabla, maoni ya maandishi ya wajumbe waliolisoma ombi mtapata hata hivyo. Yasomeni, mpigieni afisa wa programu (huyu ni mwingine, siyo wa jopo), mrekebishe. Kurudisha lililorekebishwa ni mara moja, ndani ya miezi 37. Na alama nzuri bado siyo hela, kuna baraza la ushauri mbele.

Mtafiti Mchovu
Asanteni sana. Barua nimeifuta, ilikuwa imeanza na "Shikamoo Profesa".